Askari Mstaafu na Swali la Mali: Maoni ya Bildad Kaggia

Kila mwaka wa masomo unapoanza hapa Uganda, mwalimu wa Kiswahili hukutana na swali lile lile kutoka kwa wanafunzi wapya: je, Kiswahili si lugha ya askari? Swali hilo halifai kujibiwa kwa kicheko. Wazee wengi wa nchi hii walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kinywani mwa mtu aliyeshika bunduki, na wengine walikisikia usiku, mlango ukigongwa. Idi Amin alipotangaza mwaka 1973 kwamba Kiswahili kitakuwa lugha ya taifa, wengi hawakuona lugha inayopandishwa hadhi. Waliona kambi inayohamia sebuleni. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini kumbukumbu ya watu haifutwi kwa azimio.

Hata hivyo, kuna upande wa historia hiyo usiosemwa sana. Askari hao hawakutoa amri tu, wala hawakupokea amri tu. Walifikiri. Waliporudi kutoka vitani walikuwa na maoni juu ya serikali, juu ya biashara, juu ya ardhi, na juu ya utumishi wenyewe waliokuwa wameufanya. Makala haya yanamtazama mmoja wao, Bildad Kaggia wa Kenya, ambaye maoni yake kuhusu mali yalimgharimu cheo, kiti cha bunge na hata uhuru wake kwa muda. Wanafunzi wetu humjua kama jina moja kati ya majina sita ya Kapenguria. Nadhani anastahili zaidi ya hapo.

Tuanze na jeshi. King's African Rifles, ambalo wananchi waliliita Keya kwa kuzifuata herufi za kifupi chake, liliundwa rasmi mwaka 1902. Batalioni ya nne ilikuwa ya Uganda. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Uganda pekee ilitoa askari wapatao 77,000, na kwa jumla Kenya, Uganda na Tanganyika zilitoa zaidi ya 250,000. Walipigana Ethiopia mwaka 1941, wakaenda Madagaska mwaka 1942, kisha Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikaingia Burma, ikateremka bonde la Kabaw katikati ya mvua na malaria, na kufika Kalewa kwenye mto Chindwin mnamo Desemba 1944. Wengine hawakufika. Meli Khedive Ismail ilizamishwa na manowari ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 katika Bahari ya Hindi, na mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki walikufa maji kwa dakika chache.

Muacholi, Mkamba, Mganda na Mngoni walilala hema moja, na lugha yao ilikuwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili cha namna yake, kilichoitwa KiKAR, ambacho Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 isingekitia muhuri. Ngeli zilianguka chini kama vifuko vya risasi vilivyotumika. Lakini askari walikitumia kusoma pia. Magazeti ya jeshi kama Askari na Heshima yaliandikwa kwa Kiswahili, na Baraza, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939, lilisomwa na wengi. Maelfu walijifunza kusoma na kuandika ndani ya sare.

Hapa kwetu, mtu aliyeyaona mabadiliko hayo mapema na kuyaandika ni Robert Kakembo, Mganda aliyetumika katika kikosi cha elimu cha jeshi. Kijitabu chake, An African Soldier Speaks, kilichapishwa London mwaka 1946, baada ya kusomwa kwanza na wakubwa wachache. Kakembo hakuwa mwasi. Alikuwa mtiifu kwa Dola, na pengine ndiyo sababu maneno yake yaliruhusiwa. Lakini alichosema kilikuwa kizito: askari aliyezoea kula vizuri, kuvaa viatu, kusoma gazeti na kuona nchi za watu hatakubali kurudi katika maisha aliyoyaacha, na hatakubali ubaguzi wa rangi kama jambo la kawaida. Alidai elimu na maisha bora. Nasikitika kwamba kijitabu hicho hakitajwi katika mitaala yetu, kwani ni ushahidi wa Mganda aliyekuwa akiufundisha umma wa askari wakati ambapo viongozi wengi wa Buganda walikuwa wakikikataa Kiswahili kwa kuhofia kumezwa na makabaila wa Kenya.

Sasa tumtazame Kaggia. Alizaliwa mwaka 1921. Alikuwa mwanafunzi hodari lakini karo ilimshinda kuendelea na masomo ya juu, kwa hiyo akawa karani katika ofisi ya mkuu wa wilaya ya Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a. Mwaka 1940 akajiunga na jeshi. Hakuwa mtu wa mstari wa mbele. Kazi yake ilikuwa kalamu, na alipanda hadi cheo cha staf sajenti. Alipelekwa Mashariki ya Kati, akaiona Misri, akazuru Palestina, na mwishoni akapelekwa Uingereza kuwahudumia askari wa Afrika Mashariki waliokuwa wametekwa na adui na sasa wakisubiri meli ya kurudi nyumbani.

Katika kitabu chake Roots of Freedom, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1975, Kaggia anaeleza jinsi safari hizo zilivyombadilisha. La ajabu ni kwamba mabadiliko ya kwanza hayakuwa ya siasa bali ya dini. Kijana aliyelelewa na mafundisho ya wamisionari alifika katika nchi za Biblia na katika nchi ya wamisionari wenyewe, akagundua kwamba mengi aliyofundishwa kuwa ni Ukristo yalikuwa tu desturi za Wazungu. Aliporudi mwaka 1946 alianzisha kundi la kidini lililojitenga na makanisa ya kigeni. Watu waliliita Dini ya Kaggia. Wako wanahistoria wanaoipita hatua hii haraka ili wafike kwenye vyama vya wafanyakazi na Mau Mau. Mimi naona ndipo ufunguo ulipo. Mtu aliyeweza kujiuliza ni nani aliyesema kwamba jambo hili ni takatifu, baadaye aliweza kuuliza swali hilo hilo kuhusu hati ya shamba.

Alirudi katika nchi gani? Katika jeshi lenyewe mshahara ulipangwa kwa rangi, na hakuna Mwafrika wa Keya aliyevaa nyota za uofisa katika vita vile. Uganda ilipata maofisa wake wa kwanza wenye kamisheni mwaka 1961 tu, mmoja wao akiwa Idi Amin, aliyeandikishwa mwaka 1946. Baada ya vita, Mzungu aliyekuwa askari aliweza kupewa shamba katika nyanda za juu za Kenya kwa mkopo wa masharti nafuu, kama walivyopewa wenzake baada ya vita vya kwanza, mwaka 1919. Mwafrika alipewa kiinua mgongo, nauli, na cheti cha kuachishwa kazi. Nchini Kenya alikuta kipande kikimsubiri.

Kiinua mgongo hicho ndicho kilichozaa homa ya kwanza ya uwekezaji tunayoweza kuiita ya askari. Kila aliyerudi na fedha alitaka duka, kinu cha kusagia mahindi, au sehemu katika basi kuukuu. Makampuni yaliundwa kwa michango, na mahali pengine maduka matano yalifunguliwa pale palipokuwa na wateja wa duka moja. Bidhaa zilikuwa adimu, leseni zilikuwa ngumu, bei za jumla zilikuwa mikononi mwa wengine, na uhasibu ulikuwa katika kichwa cha mwenyekiti. Nyingi zilikufa kabla ya mwaka 1950. Maofisa wa kikoloni walisema askari ni wabadhirifu. Ni jibu jepesi. Mtu aliyefungiwa milango yote isipokuwa mmoja, kisha akasongamana mlangoni na wenzake elfu, hawezi kulaumiwa peke yake kwa msongamano.

Tena, waliokuwa wakiwalaumu hawakuwa na haki ya kuhubiri hesabu. Mwaka 1947, ng'ambo ya mpaka katika Tanganyika, serikali ya Uingereza yenyewe iliingia katika uwekezaji wa karanga ambao mpaka leo hutolewa mfano. Mpango ulisema kwamba ekari 3,210,000 zingefyekwa na kupandwa karanga ili Waingereza wapate mafuta ya kula, kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Ulipangwa kama vita na kuendeshwa kama vita: mkuu wake wa kazi nchini alikuwa meja jenerali, askari wa Uingereza waliotoka vitani waliitwa kujiunga na kile magazeti yalichokiita Jeshi la Karanga, matrekta yalinunuliwa kutoka mabaki ya vifaa vya kijeshi, na vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa vya kung'olea visiki. Kongwa ilichaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Mgogo yeyote angeweza kuwaambia kwamba mvua ya pale si ya kuaminiwa na kwamba udongo wake ukikauka huwa kama sakafu. Karanga zilizochimbwa hazikutosha hata kurudisha gharama ya mbegu na mafuta ya mitambo. Mpango ulifutwa Januari 1951, na pauni zipatazo milioni 36 zikapotea. Baadaye, kuanzia mwaka 1964, Kongwa ikawa kambi ya wapiganaji wa ukombozi wa kusini mwa Afrika, na Nachingwea, palipokuwa shamba jingine la karanga, pakawa chuo cha vita cha FRELIMO. Kwa hiyo mashamba yaliyoanza kama jeshi yakaishia kwa jeshi, ila la watu wengine.

Turudi Nairobi. Kaggia alifanya kazi ya ukarani, akaingia vyama vya wafanyakazi, akahariri gazeti la Inooro ria Gikuyu, na mwaka 1951 yeye na Fred Kubai wakaliteka tawi la Nairobi la chama cha KAU kutoka mikononi mwa wazee waliopendelea maombi ya upole. Tarehe 20 Oktoba 1952 Hali ya Hatari ilitangazwa na viongozi wakakamatwa. Kesi ya Kapenguria inajulikana na sitaisimulia. Hukumu ilitolewa Aprili 1953: miaka saba na kazi ngumu. Inatosha kusema kwamba gerezani Lokitaung, katika joto la Turkana, uhusiano kati ya Jomo Kenyatta na baadhi ya wafungwa wenzake, Kaggia akiwamo, uliingia ufa ambao haukuzibika kabisa. Aliachiliwa mwaka 1961, na mwaka 1963 akachaguliwa mbunge wa Kandara na kuteuliwa katibu wa bunge katika Wizara ya Elimu, cheo ambacho baadaye kiliitwa waziri msaidizi.

Ugomvi wenyewe ulihusu ardhi. Kuanzia mwaka 1962, Mpango wa Ekari Milioni Moja ulinunua mashamba kutoka kwa walowezi waliotaka kuondoka na kuyagawa kwa familia za Kiafrika zipatazo 35,000. Fedha zilitoka Uingereza, Benki ya Dunia na Shirika la Maendeleo la Jumuiya ya Madola. Sehemu ilikuwa ruzuku, lakini mwananchi aliyepewa kiwanja alikichukua kwa mkopo, na mkopo ulitakiwa kulipwa kwa riba ya asilimia 6.5 katika muda wa miaka 30.

Naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana hoja ya Kaggia iko ndani yake. Chukua mkopo wa shilingi 1,000 kwa masharti hayo, ukilipwa kwa mafungu yaliyo sawa kila mwaka. Kila fungu litakuwa karibu shilingi 77, na miaka 30 ikiisha mkulima atakuwa amelipa shilingi 2,300 hivi. Katika miaka ya mwanzo, sehemu kubwa ya kila fungu ni riba tupu: katika shilingi 77 za mwaka wa kwanza, 65 ni riba na 12 tu ndizo zinazopunguza deni. Sasa mweke mbele yako mtu ambaye baba yake aliondolewa katika ardhi ile ile bila fidia, yeye mwenyewe akatumikia Dola vitani, akarudi akawekwa kizuizini, na anapotoka anaambiwa anunue mara mbili na zaidi kile kilichokuwa chake. Akichelewa kulipa, anaondolewa tena. Waliouza mpango huo waliuita fursa. Kaggia aliuita deni.

Si hilo tu. Wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilikuwa imeunganisha vipande vya ardhi na kutoa hati katika wilaya za Wakikuyu, huku maelfu wakiwa vizuizini. Aliyekuwa kifungoni hakuwepo kuonyesha mpaka wake. Aliyekuwa upande wa serikali alikuwepo. Kaggia alitaka mambo hayo yaangaliwe upya katika Fort Hall, na alitaka mashamba makubwa ya walowezi yasikatwe vipande wala kuuzwa kwa mtu mmoja mmoja mwenye fedha, bali yaendeshwe kwa ushirika na wale wasio na ardhi. Aliandika barua, alisema bungeni, alisema kwenye mikutano. Mwaka 1964 Kenyatta alimwandikia kumtaka achague kati ya kunyamaza na kuondoka serikalini. Mwezi Juni mwaka huo akaondoka.

Kisha ukaja mkutano wa Kandara, Aprili 1965. Kenyatta alisimama katika jimbo la Kaggia, Kaggia akiwepo, akamsema mbele ya watu wake. Aliwataja waliofungwa pamoja nao mmoja baada ya mwingine: Ngei amepanda kahawa, Kubai ana nyumba kubwa na shamba zuri, Kung'u Karumba ana mabasi yake. Na kila alipomtaja mmoja, alimrudia Kaggia na kumwuliza yeye amejifanyia nini.

Hapa mwalimu wa sarufi hana budi kusimama kidogo. Tukiliweka swali hilo katika Kiswahili, umefanya nini na umejifanyia nini yana shina moja, lakini kiambishi -ji- pamoja na kauli ya kutendea yamegeuza maana yote. La kwanza linauliza kazi. La pili linauliza faida. Kwa miaka mingi nimelitumia ubaoni kufundishia viambishi hivyo viwili, na sijawahi kuhitaji mfano mwingine, kwa sababu darasa zima hunyamaza linapoelewa.

Tena swali lile lilikuwa na maana pana kuliko watu wawili. Mwaka huo huo serikali ilitoa waraka wake maarufu juu ya Ujamaa wa Kiafrika, Waraka Na. 10 wa 1965, lakini watu wa Kandara walikuwa wamekwisha kuelezwa kwa lugha nyepesi zaidi kiongozi bora ni yupi: ni yule anayeonekana kuwa nacho. Mali ikawa ushahidi wa akili, na ukosefu wa mali ukawa ushahidi wa uvivu. Ni kipimo ambacho askari wa Kaggia wasingeweza kukipita, maana miaka ambayo wengine waliwekeza, wao walikuwa msituni au kizuizini.

Mwaka 1966 Kaggia alijiunga na Oginga Odinga katika chama cha KPU akiwa makamu wa rais wa chama. Katiba ilibadilishwa haraka ili wabunge waliohama wachaguliwe upya, na katika uchaguzi mdogo wa Juni mwaka huo akakipoteza kiti chake. Mwaka 1968 akafungwa kwa kosa la kuhutubia mkutano usio na kibali. Mkoloni alimfunga kwa kudai ardhi, na serikali aliyoipigania ikamfunga kwa sababu isiyokuwa mbali sana na hiyo. Mwaka 1969 alirejea KANU. Wengine walimwita msaliti kwa hatua hiyo. Sioni hivyo, alikuwa mtu aliyechoka, na chama alichokiacha kilipigwa marufuku miezi michache tu baadaye.

Isidhaniwe kwamba Kaggia alikuwa na majibu ya kila kitu. Ardhi ya bure ilikuwa na gharama ambayo hakuieleza vya kutosha. Serikali changa ambayo ingekataa kuwalipa walowezi ingegombana na Uingereza, ambayo ndiyo iliyotoa fedha nyingi za mwanzo, na jeshi la nchi lilikuwa bado na maofisa Waingereza; Januari 1964 majeshi ya Tanganyika, Uganda na Kenya yaliasi katika wiki moja, na serikali zote tatu zilimwita mkoloni wa jana kuyatuliza. Vilevile mashamba ya ushirika aliyoyapendekeza yalijaribiwa mahali kadhaa na hayakufanya vizuri kuliko vipande vya watu binafsi. Wapinzani wake walikuwa na hoja. Ila hawakuitumia sana, kwa kuwa swali la Kandara lilikuwa rahisi zaidi na lilipigiwa makofi.

Na waliotolewa mfano siku ile? Kung'u Karumba, mwenye mabasi, alivuka mpaka kuja Uganda katika shughuli za biashara mwaka 1974, akapotea. Hakuonekana tena mpaka leo. Uganda ya wakati huo ilikuwa mikononi mwa Idi Amin, askari wa Keya aliyekuwa amepelekwa Kenya na batalioni yake kuwasaka Mau Mau. Paul Ngei, ambaye alikuwa askari wa KAR kabla ya kuja kusoma Makerere, alisimamishwa uwaziri kwa muda mwaka 1966 kutokana na kashfa ya mahindi, akarudishwa, na akadumu madarakani miaka mingi. Lakini mwaka 1990 mahakama ilimtangaza kuwa mfilisi, na kwa sheria akapoteza kiti chake cha bunge. Sisemi haya kwa kuwacheka. Ngei aliteseka kwa ajili ya nchi yake kama Kaggia alivyoteseka, na mwisho wa Karumba hastahili kuupata mtu yeyote.

Homa yenyewe ilihamia kwa watu wa kawaida. Katika miaka ya 1970 makampuni ya kununua mashamba yalienea Kenya. Maskini walichanga, wakapewa vyeti vya hisa, wakasubiri vipande. Baadhi walivipata, na si haki kusahau kwamba familia nyingi za Bonde la Ufa zilipata makao kwa njia hiyo. Wengine walibaki na cheti kilichokunjwa ndani ya Biblia, huku wakurugenzi wakigawana sehemu iliyo karibu na barabara, mpaka serikali ya Moi ilipoamuru katika miaka ya 1980 makampuni hayo yafungwe na wanahisa wagawiwe ardhi yao. Lugha iliyotumika kuwavuta ilikuwa tamu: umoja, jasho letu, ardhi yetu. Tanzania nayo ilikuwa na DECI, iliyosimamishwa mwaka 2009, ambayo wanachama wake hawakuambiwa kwamba wanaweka fedha, waliambiwa wanapanda mbegu, na hawakungoja faida, walingoja mavuno. Mwanafunzi wa semantiki anayetafuta mada ya tasnifu ana kazi tayari hapo. Kwa nini wauzaji wa ndoto za fedha katika lugha yetu hupenda sana msamiati wa shamba? Nadhani ni kwa sababu mkulima anajua kwamba mbegu ikifukiwa haionekani kwa muda, naye amezoea kuvumilia.

Kuhusu utumishi wa jeshi, Kaggia hakuwa na uchungu kama tunavyoweza kutarajia. Jeshi lilimpa safari, lugha za watu, nidhamu ya kuendesha mikutano na kutunza kumbukumbu, na kundi kubwa la wenzake waliotawanyika kila wilaya wakiwa na mawazo yanayofanana. Mwenzake Waruhiu Itote, aliyeandikishwa Januari 1942 na kupigana Burma, anasimulia katika kumbukumbu zake za mwaka 1967 kwamba huko ndiko alikoulizwa na wageni, akiwamo askari Mwingereza na askari Mweusi wa Marekani, anapigania nini hasa. Alirudi bila jibu, akaenda kulitafuta msituni kwa jina la Jenerali China. Wote wawili walilitazama jeshi kama shule. Walichokikataa ni kuambiwa kwamba wakishahitimu hawana la kudai.

Kaggia aliishi miaka yake ya mwisho bila utajiri, akiwa na kinu cha kusagia mahindi kule Kandara, biashara ile ile ambayo askari wengi wa mwaka 1946 waliiota. Waliomtembelea walimkuta mchangamfu na tayari kubishana. Alifariki Machi 2005. Mwaka 2003 sheria ya kikoloni iliyoipiga marufuku Mau Mau ilikuwa imefutwa hatimaye, miaka 40 baada ya uhuru, kwa hiyo aliwahi kuishi kama miezi kumi na minane hivi katika nchi ambayo harakati zake hazikuwa kosa la jinai. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa wakati wa Hali ya Hatari jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za mawakili zikiwamo. Ardhi haikutajwa katika mapatano hayo.